Kadi ya kuzungumza imerudishwa kikaoni

Mama Abeli (Fresno, California)
Ndugu, salamu. Jumanne bodi ya shule ya wilaya yetu ilikaa. Kadi ya maoni nilijaza mapema: njia ya basi la watoto wa mtaa wetu imefutwa, na wazazi tuko 14. Karani akanirudishia, eti jambo halimo kwenye ajenda. Mkalimani nilikuwa naye. Malalamiko napeleka kwa nani, na fomu ipi? UCP, ule utaratibu wa malalamiko wa shule za California, inahusika au haihusiki?

Baba Rehema
Pole, Mama Abeli. Kabla ya UCP: kilikuwa kikao cha kawaida au maalumu? Kwa Sheria ya Brown, ile ya California ya vikao vya wazi, ajenda ya kikao cha kawaida hubandikwa saa 72 kabla, na mwananchi ana haki ya kusema jambo lolote lililo chini ya mamlaka ya bodi, hata kama halimo. Bodi haitalijadili wala kulipigia kura siku hiyo, ila mjumbe anaweza kuomba liingie kikao kijacho. Kikao maalumu hutangazwa saa 24 kabla, na hapo unasemea yaliyoandikwa tu. Tazama juu kabisa, ukurasa wa kwanza wa ajenda.

Da Halima
Na ukirudi, dai muda wako. Kanuni ikiwa dakika 3 kwa mtu, anayesema kupitia mkalimani anapewa angalau 6. Wazazi wetu wanakatizwa kwa 3 wanashukuru, wanakaa.

Mwana wa Pwani
Tusidanganyane. Dakika zinapangwa na bodi. Wakisema 2 ni 2.

Da Halima
Soma tena nilichoandika, kaka. Bodi inapanga msingi. Kuzidisha mara mbili si hiari yao: msingi ukiwa 2, wa mkalimani anapata 4. Haki hiyo haipo pale tu wanapotumia vifaa vya kutafsiri papo hapo, kwa sababu hapo tafsiri haili muda wako. Andikeni kwenye kadi, "nitatumia mkalimani", na mwambieni karani kabla kikao hakijafunguliwa. Saa ikishaanza kuhesabu, kubishana ni kula dakika zenu wenyewe.

Lingine ni salamu. Mzazi anasimama, anamsalimu mwenyekiti, wajumbe, wazazi wenzake, anashukuru kwa nafasi. Mkalimani naye anayarudia yote. Taa ya njano inawaka na basi halijatajwa! Sentensi ya kwanza iwe ombi lenyewe: shule gani, njia ipi, irudishwe lini. Sema sentensi mbili, nyamaza, mkalimani amalize, endelea. Mpeni karatasi mapema aisome. Na nyie 14 msirudie maneno yale yale. Mmoja aseme umbali na sehemu ambazo barabara haina njia ya miguu, mwingine aseme saa za wazazi kuingia kazini, wa tatu aseme ombi. Waliobaki wasimame wakati ombi linasomwa. Wajumbe wanahesabu vichwa.

Baba Rehema
Ongezea LCAP, mpango wa wilaya wa malengo na matumizi, maana pesa za basi zinaamuliwa huko. Bodi lazima ifanye kikao cha kusikiliza maoni, kisha ipitishe katika kikao kingine, kufikia tarehe 1 Julai. Anayekuja siku ya kupitisha amekuta sahani zimeshaoshwa.

Njia yenye nguvu zaidi ni ELAC, kamati ya shule ya kushauri kuhusu wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Shule yenye wanafunzi 21 au zaidi wanaojifunza Kiingereza lazima iwe nayo. Wilaya yenye 51 au zaidi, DELAC, kamati kama hiyo ya wilaya nzima. Watu wetu hawaendi kwa kudhani ni kamati ya Wahispania. Siyo, ni ya kila lugha. Na maoni ya DELAC kuhusu LCAP msimamizi mkuu lazima ayajibu kwa maandishi. Ya kwenye kipaza sauti hakuna anayelazimika kukujibu.

Mwana wa Pwani
Makamati, makamati. Kwetu mwenyekiti wa kamati ya shule unamkuta barazani, unamweleza, yamekwisha.

Mzee Juma
Yamekwisha, halafu unaletewa karatasi ya michango. Tuwache hayo. Dawa ni kura. Tujiandikishe wote tuwang'oe hao.

Da Halima
Shikamoo Mzee, lakini hapana, tafadhali! "Wote" ni nani? Mwenye grinikadi hapigi kura. San Francisco ndiyo imewaruhusu wazazi wasio raia kupiga kura ya bodi ya shule, tangu 2018, na ni ya bodi ya shule tu. Na popote ulipo, ukiweka alama ya "mimi ni raia" kwenye fomu ya DMV, ofisi ya leseni za udereva, kwa kukosea, unaweza kuharibu nafasi yako ya kupata uraia na hata kufukuzwa nchini. Kusema kikaoni, kuingia ELAC, kuomba nyaraka za wilaya: hayo hayahitaji uraia.

Mzee Juma
Marahaba. Nilimaanisha walio raia.

Mama Abeli
Asanteni. Ajenda nimeiona, imeandikwa "kikao cha kawaida". Kwa hiyo fomu ni ipi?

Baba Rehema
Unaona! Basi karani alikosea. Hifadhi hiyo kadi, usiitupe.

Mgeni wa Sacramento
Samahani kuingilia. Mtoto ameitwa mtihani wa ELPAC, ule wa kupima Kiingereza, na nyumbani tunaongea Kiswahili na Kiingereza. Kwenye ile fomu ya lugha ya nyumbani nilitakiwa niandike ipi kwanza?