Treo 650 au Nokia 9500: ipi ya kuhifadhi kwa matumizi?

Mkusanyaji wa Jinja: Ndugu wanajukwaa, muuzaji mmoja wa Kampala ananiuzia mojawapo ya simu hizi mbili za mwaka 2004. Nataka kuandikia kumbukumbu za vikao na kutunza ratiba, si kuipamba kabati. Ipi inafaa zaidi?

Fundi Mbarara: Kwa kuandika, chukua Nokia. Ukiifungua unakuta kibodi kamili na kioo kipana cha nukta 640 kwa 200, nayo ina Wi-Fi ambayo Treo haina. Ni nzito, gramu 222, na mfuko wa shati utalalamika.

Mama Ratiba: Mimi napingana kidogo na fundi. Kwa ratiba, Palm, yaani kampuni ya hiyo Treo, ilikuwa mbele: unagusa kioo kwa kalamu, unaandika miadi, umemaliza, ilhali kioo cha Nokia hakiguswi. Tena Treo 650 haipotezi data betri ikikauka, tofauti na Treo 600 iliyofuta kila kitu, jambo zito kwetu ambako umeme hukatika bila taarifa. Ila kabla hujalipa, kaka, fungua uone kama ina mahali pa kuweka laini, kwa sababu lilikuwapo pia toleo la CDMA, aina nyingine ya mtandao wa simu, lisilotumia laini, na hilo hapa litakuwa kalenda tu.

Mkusanyaji wa Jinja: Asanteni. Nitaikagua hiyo nafasi ya laini kwanza; bei ya betri nayo nitaiuliza.