Je, tupanue barabara kuu au tuboreshe mabasi?

Swali
Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu. Mji wetu wa pembezoni unaongezeka watu haraka kuliko barabara. Halmashauri inakusudia kuipanua barabara kuu iendayo katikati ya jiji kutoka njia mbili hadi nne, ilhali mabasi yanakwama katika foleni ileile ya magari binafsi. Je, fedha hizo zingefaa zaidi katika usafiri wa umma, na kama ndivyo, kazi ianzie wapi?

Jibu la kwanza
Upanuzi mara nyingi huleta nafuu ya muda mfupi, kwa sababu nafasi mpya huwavuta waliokuwa wakisafiri saa nyingine, waliokuwa wakipanda basi, na hata wanaokwenda kujenga mbali zaidi kwa kuwa njia imekuwa nyepesi. Barabara ya Katy Freeway ya Houston, Marekani, ilikamilishwa kupanuliwa mwaka 2008, lakini miaka michache baadaye safari za saa za msongamano zilikuwa zimerefuka tena. Sisemi kila upanuzi ni hasara. Daraja jembamba linalobana magari lishughulikiwe. Ila tuhesabu watu watakaopita, si magari.

Jibu la pili
Naunga mkono, na ningeanza na makutano, kwa kuwa basi hupoteza muda mwingi kwenye taa na vituoni. Njia fupi ya mabasi pekee, ikianza kabla ya mahali foleni inapofikia, hulipitisha basi hadi mbele, na kifaa kinacholitambua linapokaribia huweza kurefusha taa ya kijani kwa sekunde chache hadi lipite. Njia hiyo isiposimamiwa, hata hivyo, itageuka maegesho. Kuhusu vituo, Curitiba ya Brazili, iliyoanza kuyatengea mabasi njia zake mwaka 1974, baadaye ilijenga vituo ambamo abiria hulipa nauli kabla ya kupanda na sakafu hulingana na ya basi, hivyo watu huingia kwa milango kadhaa kwa pamoja, na mzee mwenye mkongojo hasumbuliwi na ngazi.

Jibu la tatu
Msisahau muda wa kusubiri. Basi likija kila baada ya dakika 30, anayefika kituoni bila kuangalia ratiba husubiri wastani wa dakika 15. Likija kila baada ya dakika 10, husubiri 5. Ni heri njia chache zilizonyooka zenye mabasi ya mara kwa mara kuliko njia nyingi zinazopinda kila mtaa. Tena, mitaa mingi ya pembezoni haitokezi: nyumba iko nyuma tu ya ukuta wa kituo, lakini mkazi hulazimika kuzunguka mitaa mitatu kukifikia. Kichochoro chenye taa na sakafu isiyotuamisha maji kingewapa mabasi abiria wengi kwa gharama ndogo.

Aliyeuliza
Nawashukuru sana. Barabara hiyo ina makutano mawili ambako mabasi hukwama zaidi. Nitaiomba halmashauri ijaribu njia fupi za mabasi hapo kabla ya kutia saini mkataba wa upanuzi, na ipime muda wa safari kabla na baada ya jaribio.