Harrier Anaconda: petroli 2.0, haibridi 2.5 au turbo, ipi nafuu kuendesha?

Mkaazi_wa_Kimara
Wakuu, naomba ulinganisho wa Toyota Harrier Anaconda, zile zilizotoka Japani kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi 2020. Matumizi yenyewe: Kimara–Posta siku za kazi, na Dodoma kwenda na kurudi mara moja kwa mwezi. Nataka kujua gharama ya kuendesha, bei ya kununua nitaijua mwenyewe.

Spana_Kumi
Tuanze na injini, maana wauzaji huzichanganya. Angalia namba ya modeli: ZSU60 ni petroli 2.0 (injini 3ZR-FAE) inayosukumwa na magurudumu mawili, na ZSU65 ni injini hiyohiyo kwa 4WD (magurudumu yote manne). Zote zina giaboksi ya CVT, ya mkanda badala ya gia. AVU65 ni haibridi 2.5 (2AR-FXE), yaani injini ya petroli pamoja na mota za umeme, na zote ni 4WD kwa sababu nyuma kuna mota ya umeme. ASU60/65 ni turbo 2.0 (8AR-FTS) iliyoingia 2017, giaboksi ya kawaida ya gia sita, nguvu farasi 231 dhidi ya 151 za petroli ya kawaida.

Kwenye matangazo utaona kilomita 21 kwa lita kwa haibridi na 16 kwa petroli. Hizo ni za kipimo cha Kijapani cha JC08, usizipigie bajeti. Kwa Dar, AC ikiwa imewashwa muda wote, weka hivi (kilomita kwa lita):
Petroli 2.0: mjini 8–9, safari 12–13.
Haibridi: mjini 14–16, safari 15–16.
Turbo: mjini 7–8, safari kama 11.

Na turbo imetengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu. Ukiijaza ya kawaida, kompyuta huchelewesha cheche inayowasha mafuta ili injini isigonge, kwa hiyo unapoteza nguvu uliyoilipia na ulaji unapanda.

Hesabu_Kwanza
Nimepiga hesabu ya ruti yako. Kimara–Posta ni kama km 900 kwa mwezi, Dodoma kwenda na kurudi km 900 nyingine. Nimechukua sh 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi. Wewe weka bei kikomo ya mwezi husika ya EWURA (mamlaka inayopanga bei za mafuta), hutoka Jumatano ya kwanza.

Petroli 2.0: lita 106 mjini + 72 safari = 178, sh 534,000.
Haibridi: lita 60 + 58 = 118, sh 354,000.
Turbo: lita 120 + 82 = 202, sh 606,000.

Kati ya petroli na haibridi tofauti ni lita 60, yaani sh 180,000 kwa mwezi, sh 2,160,000 kwa mwaka. Angalia zinatoka wapi: lita 46 kati ya hizo 60 zinaokolewa mjini, barabara ya Dodoma inakupa 14 tu. Haibridi ikikuzidi bei kwa milioni 8, utairudisha kwa miaka mitatu na miezi kama minane. Mtu anayekimbia safari tupu km 1,800 kwa mwezi anaokoa lita 28, na milioni 8 hiyohiyo itamchukua miaka minane.

Roli_la_Tunduma
Hapo nakubaliana kabisa. Ukienda km 110 kwa saa mfululizo, injini ya haibridi inafanya kazi karibu muda wote na breki hazirudishi umeme wa maana. Kwa mtu wa Mbeya au Tunduma nasema achukue petroli 2.0 bila kusita. Mteremko wa Kitonga, njia ya Mbeya, ukishuka na haibridi weka gia kwenye B: betri ikishajaa, injini ndiyo inayozuia mwendo na breki hazichemki.

Mama_Foleni
Mkaazi, wewe una foleni ya Ubungo na Magomeni, chukua haibridi. Ila jifunze jambo moja: usiweke N kwenye foleni. Kwenye N mfumo hauchaji betri, na kwa kuwa kompresa ya AC ni ya umeme, inaendelea kuinyonya mpaka ikauke. Baki kwenye D na breki, au weka P kama mmesimama muda mrefu. Injini itajiwasha yenyewe dakika chache, itachaji, itazima.

Spana_Kumi
Nyongeza ya Mama_Foleni ni muhimu sana, kwa sababu gharama kubwa ya haibridi ni betri, na watu wengi huiua wenyewe. Ni ya nikeli, volti 244.8, moduli 34 za volti 7.2, imelala chini ya kiti cha nyuma. Inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Ukiziba tundu la hewa kwa zulia, begi au mizigo ya watoto, au feni ikijaa vumbi, betri inachemka na moduli dhaifu inakufa kwanza. Hapo ndipo kompyuta inapotoa msimbo wa hitilafu P0A80, wa betri kuchoka.

Feni na njia yake ya hewa zisafishwe kila km 20,000, na mapema zaidi kama unapita barabara ya vumbi. Usikubali fundi abadilishe moduli moja tu na kukukabidhi gari. Moduli mpya na zilizochoka hazilingani chaji, baada ya miezi michache inakufa nyingine. Ama zipimwe zote chini ya mzigo na kupangwa zinazofanana, ama uweke betri nzima.

Upande wa pili haibridi inakuondolea vitu: haina mkanda wa nje, haina stata, haina alteneta, na breki pedi zinakaa muda mrefu kwa kuwa mota ndizo zinazopunguza mwendo. Giaboksi yake ni ya gia za sayari, haina mkanda wa CVT wa kuchakaa, inatumia oili ya giaboksi aina ya ATF WS.

Kodi_na_Tozo
Hesabuni na kodi za kuingiza gari bandarini. Petroli ina cc 1,986, kwa hiyo ushuru wa bidhaa ni 5%. Haibridi ina cc 2,493, inaingia 10%. Juu yake kuna tozo ya uchakavu: 15% kwa gari la miaka 8 hadi 10, 30% likizidi 10. Viwango hubadilika kwenye bajeti, pita kwenye kikokotoo cha TRA (mamlaka ya mapato) kabla ya kutuma hela. Na tangu 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilihamishiwa kwenye mafuta, hivyo kila lita unayookoa inakuokolea na kodi.

Mkaazi_wa_Kimara
Asanteni. Na sevisi ya petroli 2.0 ikoje, nikibadili mawazo?

Spana_Kumi
Oili 0W-20, lita 4.2 pamoja na filta (haibridi lita 4.4). Kwa foleni ya Dar badilisha kila km 5,000, maana injini inafanya kazi saa nyingi kuliko kilomita zinavyoonyesha. CVT ndiyo ya kuangalia: tumia oili ya CVTF FE peke yake, kila km 40,000–60,000. Fundi akikuwekea ATF ya kawaida, mkanda unateleza na giaboksi imekwisha. Kiwango cha oili ya CVT kinapimwa ikiwa na joto maalumu.

Ukienda kukagua haibridi, nenda na mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Betri ina bloku 17, kila moja moduli mbili. Endesha mlimani kisha angalia volti zake: bloku moja ikishuka volti nzima chini ya wenzake, shusha bei au acha gari. Na pima ulaji kwa kujaza mpaka pampu ijikate, utembee, ujaze tena pampu ileile. Namba ya kwenye dashibodi mara nyingi inapendeza kuliko risiti.