Beki wa kati, miaka 27: nimepata timu Oman, kuna nyingine hapa nyumbani. Niende au nibaki?

Beki wa Mabatini
Habari za jioni wakuu. Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, leo imebidi niandike.

Mimi ni beki wa kati, mzaliwa wa Mwanza. Mpira nimeanzia Mabatini, nikapita akademi moja ya hapa jijini. 2019 nikavuka Sirari kwenda Kenya, nikacheza Kisumu misimu miwili. Nikarudi nikacheza Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu hapa nyumbani, halafu 2024 nikapata timu Zambia. Niko nyumbani tangu Machi. Asubuhi nafanya mazoezi uwanja wa Nyamagana na vijana, mchana namsaidia mama kubeba magunia ya dagaa pale soko la Mwaloni.

Wiki mbili zilizopita wakala alinipigia. Timu ya daraja la pili Oman inatafuta beki wa mguu wa kushoto. Mkataba mwaka mmoja, nyumba na chakula juu yao, mshahara mara nne ya ule nilioahidiwa Zambia. Huku kuna timu ya Championship imesema nije dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu, laki nne kwa mwezi. Wakala anataka jibu Alhamisi.

Mama ana presha, na mimi ndiye mtoto wa kiume niliyebaki. Niende au nibaki? Nawasilisha.

Ngosha wa Magu
Nenda mdogo wangu, tena usiangalie nyuma. Laki nne ukitoa kodi na nauli ya daladala unabaki na nini? Mimi 2017 nilipanda basi kutoka Mwanza mpaka Dodoma kuishangilia Mbao, timu yetu ya Mwanza, kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Simba. Tulifungwa 2-1, nikalia pale uwanja wa Jamhuri nikiwa mtu mzima na watoto wawili. Mbao ile leo iko wapi? Timu za kwetu zinapanda na kushuka kama maji ya ziwa. Pamba wenyewe wamekaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 mpaka walipopanda 2024. Ukipata mlango wa nje, pita.

Dada Tausi
Mbona hamumuulizi habari ya mama yake? Mtu wa presha anaachwa na nani? Kaka una mke? Kama huna, oa kwanza ndipo uende, mama apate mtu ndani ya nyumba. Kaka yangu alienda Qatar kufanya ulinzi, mama akaanguka bafuni akakaa pale masaa matano hakuna anayejua.

Beki wa Mabatini
Dada Tausi, pole sana kwa yaliyompata mama. Dada yangu anaishi Buhongwa, si mbali. Mke bado.

Kocha Mstaafu Bwiru
Kijana, miaka 27 kwa beki wa kati siyo uzee. Mshambuliaji akipoteza mbio amekwisha, ila beki anakomaa kichwani. Mwangalieni Pascal Wawa: ametoka ASEC kwao Ivory Coast, akaenda El Merreikh ya Sudan, akaja Azam, akarudi Sudan, akaja Simba akiwa mtu mzima na bado akawa ukuta. Joash Onyango naye alitoka Gor Mahia akaja Simba 2020 watu wakimwita mzee, mkaona kazi yake. Na kurudi siyo aibu. Beki Shomari Kapombe alikwenda AS Cannes ya Ufaransa 2013, akarudi akajiunga na Azam, na baada ya hapo amecheza miaka mingi ya juu kabisa.

Ila kuna neno moja limenikaa. Umeandika mshahara "nilioahidiwa" Zambia. Hukuandika niliolipwa. Zambia uliondokaje?

Mnyama wa Kirumba
Kocha kagusa penyewe hapo. Jibu swali kaka.

Beki wa Mabatini
Sikutaka uzi uwe mrefu. Zambia sikulipwa miezi mitano. Mwezi wa kwanza walinipa nusu, baada ya hapo ni kesho, kesho kutwa, mdhamini yuko njiani. Tulikuwa wageni watatu chumba kimoja, tunapika ugali kwa zamu. Mwenye nyumba alipokata umeme, nikapanda basi la usiku mpaka Nakonde, nikavuka Tunduma na begi moja. Viatu vya mechi nilimuuzia mwenzangu Mkongo ili nipate nauli ya kutoka Mbeya.

Hayo yamepita. Ninachouliza ni Oman au Mwanza.

Mzee wa Vifungu
Hayajapita, mwanangu. Mkataba wako wa Zambia unaisha lini? Na kabla hujaondoka uliwaandikia chochote?

Beki wa Mabatini
Unaisha Juni mwakani. Sikuandika. Ningemwandikia nani, na meneja simu yangu hapokei?

Mzee wa Vifungu
Basi nisikilize taratibu, maana hili ndilo linaloamua hayo mengine yote. Nimeshughulika na karatasi za usajili wa wachezaji kwa miaka.

Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 14bis, kiko tangu 2018. Klabu ikishindwa kukulipa mishahara ya miezi miwili, unaiandikia kuidai na kuipa siku zisizopungua 15. Zikiisha hawajalipa, una sababu halali ya kuvunja mkataba na unabaki na madai yako. Wewe umeondoka kimya, kwa hiyo klabu inaweza kusema umetoroka kazini. Haki yako haijafa, miezi mitano bila mshahara ni jambo zito mbele ya chombo chochote, lakini umewapa neno la kusema.

Pili, hamna timu itakayokusajili bila hati ya uhamisho wa kimataifa kutoka shirikisho la Zambia. Siyo Oman tu. Hata hiyo Championship ya laki nne inaihitaji, kwa sababu usajili wako wa mwisho uko Zambia. Kwa hiyo swali la Oman au Mwanza linasubiri jibu la Zambia.

Tatu, unaweza kuwashitaki kwenye baraza la migogoro la FIFA. Mchezaji halipii gharama za kuendesha shauri, ila usipitishe miaka miwili tangu deni lilipoanza. Klabu ikiendelea kubisha, FIFA ina njia ya kuruhusu usajili uendelee wakati shauri linasikilizwa. Nenda pia SPUTANZA, ndicho chama chenu wachezaji.

Ngosha wa Magu
Mzee kaandika kama hakimu. Nimejifunza kitu.

Beki wa Mabatini
Wabeja sana mzee wangu. Lakini hiyo ni njia ya miezi, na dirisha halinisubiri. Wakala anasema mambo ya Zambia hayatanigusa kwa sababu nitaingia na faili jipya.

Mzee wa Vifungu
Faili jipya ndiyo nini? Wewe ni yule yule. Uhamisho wako wa Kenya na Zambia umo kwenye mtandao wa FIFA.

Mnyama wa Kirumba
Labda wanambadilisha awe golikipa.

Kocha Mstaafu Bwiru
Mnyama, acha. Kijana, huyo wakala ana leseni? Tangu Oktoba 2023 FIFA inataka wakala awe amefanya mtihani na kupewa leseni, na majina yao yako kwenye tovuti yao. Tafuta jina lake usiku huu. Na utuambie hilo faili ni la nani.

*(Masaa manne kimya.)*

Beki wa Mabatini
Nilikuwa natafakari kama niandike.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Alifariki kwa homa akiwa na miaka tisa. Angekuwa na miaka 23 sasa. Cheti chake cha kuzaliwa kipo, mama anakihifadhi kwenye bati la biskuti pamoja na picha yake ya shule. Kifo hakikuandikishwa, tulizika kijijini Ukerewe mambo yakaishia pale. Wakala anasema nikichukua pasipoti kwa cheti kile, nitakuwa beki wa miaka 23, bila deni na Zambia, na hata thamani inapanda.

Picha za pasipoti nimeshapiga. Hela ya wakala nimeshatoa laki nane kati ya milioni mbili.

Kabla hamjanihukumu: jina la baba ni lile lile, damu ni moja. Simwibii mtu. Yeye hatalihitaji tena, na hela ingemtibu mama yake. Vijana wangapi wa mpira wana umri wa karatasi? Mnawashangilia kila Jumapili.

Dada Tausi
Mungu wangu.

Ngosha wa Magu
Nafuta ushauri wangu wa kwanza. Usiende.

Mzee wa Vifungu
Hapo unazungumzia pasipoti kwa taarifa za uongo. Ni jinai, Uhamiaji watakushika wewe na wala siyo wakala. Ukikamatwa ukiwa Oman ndiyo mbaya zaidi. Na kuna hili watu hawalifikirii: klabu ikikuuza katikati ya mkataba, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawanywa kwa klabu zilizokulea kati ya miaka 12 na 23. Kwa jina la marehemu, ile akademi ya Mwanza iliyokupa viatu haipati hata senti. Yeye hakuwahi kusajiliwa popote.

Ustaadhi wa Igogo
Amana ya marehemu ni nzito, kijana. Mtu akifa, tunachobaki nacho ni jina lake na dua. Wewe jina unataka kulitoa jasho uwanjani, likapigiwe miluzi, lionyeshwe kadi nyekundu. Mimi nimezika watoto wawili. Majina yao nayataja kwa udhu.

Jicho la Tatu
Samahani wakuu, nimesoma uzi wote na hii ni chai. Kila mkikaribia kumaliza anaongeza kitu: kwanza mshahara, halafu kutoroka, sasa marehemu na bati la biskuti. Hakuna jina la timu, hakuna jina la wakala. Huyu ni mtunzi anawachezea, na nyinyi mnalia. Kama wewe ni beki kweli wa mguu wa kushoto, niambie: krosi inatoka upande wako wa kulia, mshambuliaji yuko kwako. Unafanya nini? Ukienda kuuliza kwingine tutajua.

Mnyama wa Kirumba
Jicho kasema. Na mimi nilianza kuhisi. Lete picha.

Beki wa Mabatini
Picha sileti, nina mama.

Krosi ikitoka kulia kwangu, mpira na mtu haviko upande mmoja, hapo ndipo mabeki wengi wanakufa. Ukiuangalia mpira, mtu anakupotea nyuma ya bega. Kwa hiyo sisimami nikiutazama mpira moja kwa moja. Nafungua mwili, mguu wa kulia mbele kidogo, na mgongo wa mkono wangu wa kushoto naugusisha kiunoni kwake. Mgongo wa mkono, siyo kiganja, ukishika kwa kiganja refa anakuona. Nikihisi kiuno kimetoka najua anakimbia mbele au nyuma kabla macho hayajaniambia. Halafu hatua mbili fupi, naruka kwa mguu wa kushoto, nausukuma nje ya boksi upande ule ule ulikotoka. Kuurudisha katikati ni dhambi.

Na Nyamagana ukiteleza kwenye zile nyasi bandia mchana, ngozi ya paja inatoka kama umeunguzwa na sufuria. Zile punje nyeusi za mpira zinaingia kwenye soksi, mama akifua anazikuta chini ya beseni, anauliza kama nimekanyaga mbegu za ulezi.

Timu sitaji kwa sababu bado nawadai. Wakala sitaji kwa sababu laki nane yangu iko kwake.

Kocha Mstaafu Bwiru
Jicho la Tatu, huyu ni beki. Ule mgongo wa mkono huusomi popote, unafundishwa na kocha aliyecheza. Nimewafundisha vijana hivyo hivyo miaka ya nyuma uwanja ukiwa wa vumbi. Tuendelee na shida yake.

Jicho la Tatu
Kwenye mpira nakubali. Kwenye marehemu bado nina shaka, ila nakaa kimya.

Mama wa Mwaloni
Nimekuwa nasoma tu. Mimi nauza dagaa Kirumba mwaka wa kumi na tisa huu, nawajua akina mama wenzangu, na sitaki kujua wewe ni wa nani.

Mwanangu, siku timu ya Oman ikipiga simu nyumbani kusema umevunjika mguu, wataulizia kwa jina la nani? Mama yako ataambiwa yule wa miaka tisa ameumia. Umewaza hilo? Mtu wa presha, anaitwa saa nane usiku, anasikia jina lile.

Mwambie mama leo. Kabla ya Alhamisi.

Beki wa Mabatini
Sijalala. Mama wa Mwaloni, maneno yako nimeyasoma mara nyingi mpaka simu ikaisha chaji.

Jina la wakala nililitafuta kwenye orodha ya FIFA. Halimo. Nikamwandikia, akajibu leseni iko kwa mshirika wake.

Mzee wa Vifungu
Laki nane imekwenda, mwanangu. Usiifuate na milioni moja na laki mbili nyingine.

Ngosha wa Magu
Ile barua ya Zambia umeandika?

Beki wa Mabatini
Nimeandika leo asubuhi kwenye steshenari moja karibu na Makoroboi, nikaituma kwa barua pepe ya klabu na nakala kwa shirikisho lao. Miezi mitano, tarehe moja moja, siku 15. Yule dada wa steshenari alinirekebishia Kiingereza hakunitoza.

Cheti nimekirudisha kwenye bati. Mama alikuwa anachambua dagaa uani, akaniuliza natafuta nini kule juu ya kabati. Nikamwambia nitakuja kukaa naye jioni, nina neno.

Picha za pasipoti bado ninazo mfukoni. Miadi ya Alhamisi sijaifuta. Wakala amepiga mara tatu tangu saa sita, simu iko mezani inatetemeka, sijapokea.

Kocha Mstaafu Bwiru
Kesho saa kumi na mbili asubuhi niko Nyamagana, jukwaa la upande wa lango kuu, kofia ya bluu. Njoo na viatu. Kama umeuza, njoo na namba ya mguu wako.

Beki wa Mabatini
Namba 43, kocha. Shikamoo.