Wakuu, nawezaje kuwatia hamu ya Kifaransa wanafunzi wa uhandisi, uuguzi na uhasibu?

Mwalimu wa Pindi la Mchana:

Habari za humu wadau. Nafundisha Kifaransa chuoni ila sio kwa wale wanaosomea lugha, hao sina shida nao maana wamekuja wenyewe. Wangu ni wa uhandisi, uuguzi na uhasibu, kozi kwao ni ya lazima, vipindi viwili kwa wiki, na kwa kuwa inaingia kwenye GPA basi wanahudhuria. Lakini ukiuliza swali darasa zima macho kwenye daftari, wa viti vya nyuma wamefungua laptopu wanamalizia asainmenti ya somo lingine, ikikaribia testi wanakesha na madesa wanakariri wanafaulu, wiki inayofuata ukimuuliza mtu kitu kilekile alichokijibu kwenye testi hamna kitu kabisa.

Na sio watoto wabaya jamani. Nje ya darasa ukikaa nao ni vijana wenye akili na heshima zao, mmoja wa uhandisi akaniambia bila dharau yoyote, "mwalimu, mashine hazina haja na Kifaransa". Nikakosa jibu la maana la kumpa. Kitabu tunachotumia kinaanza na kujitambulisha, familia, nguo, kuuliza njia, kuagiza hotelini, sasa mtu ametoka kupiga hesabu za nguvu za boriti saa nzima anakuja kwangu kusema shati langu ni la bluu.

Nimeshaleta nyimbo, sinema, maksi za nyongeza, vinachangamsha siku hiyohiyo tu. Naomba ushauri hasa kwa walimu wenzangu na kwa nyie mliosoma lugha ya kigeni mkiwa fani nyingine. Nini kilikufanya uipende, au uichukie? Tiririkeni, nasoma zote.

Chaki Mkongwe:

Pole mkuu, ila nianze na hili, hamu wanayo. Wanayo ya fani zao. Usihangaike kuwatengenezea hamu nyingine mpya, ipeleke lugha pale hamu yao ilipo tayari.

Nikupe kitu cha kuanza nacho wiki ijayo. Namba. Makundi yako yote matatu ni watu wa namba. Sasa kwenye Kifaransa desimali inaandikwa kwa koma, na maelfu yanatengwa kwa nafasi, kwa hiyo ukikuta 1,250 kwenye karatasi ya Kifaransa hiyo ni moja na robo, sio elfu moja mia mbili hamsini. Muwekee muuguzi hiyo kwenye kipimo cha dawa. Muwekee mhasibu kwenye mizania, muwekee injinia kwenye unene wa bati. Waulize kila mmoja kwenye kazi yake akiisoma vibaya kinatokea nini, hapo hutaona mtu na laptopu ya somo lingine kwa sababu umegusa kitu wanachokiogopa wenyewe, kukosea kipimo.

Halafu unaingia kwenye kuzitamka. Sabini kwa Kifaransa cha Ufaransa ni sitini na kumi, themanini ni ishirini mara nne, tisini ni ishirini mara nne na kumi, watu wa hesabu wakishaona kuna utaratibu wanaushika haraka kuliko wanalugha. Waweke wawiliwawili, mmoja ana jedwali lililojaa vipimo, mwenzake ana jedwali tupu, wasionyeshane, mmoja anasoma kwa sauti mwingine anajaza, anaruhusiwa kumsimamisha na kuuliza kwa Kifaransa tu, "rudia", "polepole", "una uhakika?". Wakimaliza wanalinganisha. Hapo kila mtu ameongea, na hakuna aliyesimamishwa mbele ya darasa.

Kitabu usikitupe, kina sarufi unayoihitaji. Badilisha tu mifano, pale penye nguo weka vifaa vya maabara.

Fundi wa Fezi Tatu:

Mimi nilisoma umeme na Kijerumani kilikuwa cha lazima kwetu, nilikichukia muhula mzima wa kwanza. Kilichonibadilisha ni pindi moja mwalimu alipoingia na picha kubwa ya kile kibati kinachobandikwa ubavuni mwa mota, cha Kijerumani, akatuuliza tumwambie hii ni mota gani. Basi. Hakufundisha neno hata moja kwanza.

Tukaanza, V ni volti, A ni ampea, kW tunajua, Hz tunajua, cos φ hiyo pawafakta (sehemu ya umeme inayofanya kazi kweli), ile U/min ikatukwamisha ila pembeni yake imeandikwa 1450 na Hz ni 50, mtu wa umeme akiona 50 na 1450 anajua ni mizunguko kwa dakika, mota ya poli nne, yaani ncha nne za sumaku. Nusu ya kibati tulikuwa tunakielewa kabla hatujajua Kijerumani! Mwalimu mwenyewe hakujua poli nne tumezitoa wapi, tukamfundisha, kwa Kijerumani kibovu sana lakini cha kwetu. Kuanzia siku ile nikawa natafuta miongozo ya mashine mtandaoni nasoma mwenyewe.

Kwa hiyo yule kijana wako mpe kibati cha Kifaransa. Mashine inaweza isiwe na haja na lugha lakini aliyeiandika mwongozo alikuwa na lugha yake.

Na nilichokuwa nakichukia, kwa kuwa umeuliza: kusahihishwa katikati ya sentensi watu wote wanasikiliza. Ukinikata kwenye neno la tatu mimi sentensi ya pili siianzi. Acha mtu amalize, andika makosa pembeni, mwisho wa kipindi yaweke ubaoni bila kusema ni ya nani.

Bibi Utafiti:

Nakubaliana na waliotangulia ila naomba tusiishie kwenye "lugha itakusaidia kazini". Suala hili limechunguzwa muda mrefu, mwaka 1959 watafiti Gardner na Lambert waliandika kuhusu wanafunzi wa Montreal waliokuwa wanajifunza Kifaransa, wakatofautisha anayejifunza kwa sababu ya faida fulani na anayejifunza kwa sababu anataka kuwa karibu na wenye lugha ile. Baadaye mtafiti mwingine, Dörnyei, akaongeza jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, kwamba mtu anasukumwa na ile picha aliyonayo ya yeye mwenyewe wa kesho akiitumia lugha. Wanafunzi wako picha hiyo hawana. Injinia anajiona kesho na kofia ya saiti, hajiiti mzungumzaji wa Kifaransa hata siku moja.

Picha hiyo haijengwi kwa hotuba. Mtafute mtu wa fani yao, sio wa lugha, aliyejifunza akiwa mtu mzima na mpaka leo anakosea, aje au aongee nao kwa video, awaonyeshe barua pepe anazoandika kazini. Mhasibu akimsikiliza mhasibu mwenzake anajilinganisha naye, akikusikiliza wewe anaona huyu alizaliwa na kipaji.

Jambo lingine ni uhuru. Wanasaikolojia Deci na Ryan wanasema mtu anahitaji vitu vitatu ili kitu kitoke moyoni: ajione amechagua, ajione anaweza, na ajione yuko na wenzake. Kozi ni ya lazima, hilo huwezi kulibadili, lakini ndani yake chagueni pamoja, huyu asome taarifa fupi ya mradi, yule video ya mafunzo, mwingine mazungumzo ya zamu. Hata kuchagua mada moja kati ya tatu kunabadilisha uso wa mtu darasani.

Kijana wa Lejá:

Mimi nitatofautiana kidogo. Tafadhali usiwaahidi kazi. Sisi tuliahidiwa hivyo, lugha hii itawafungulia milango, tukaja kuona kwa vipindi viwili kwa wiki huwezi kufika popote pa kujaza kwenye CV, tukajiona wajinga na wengi tukaacha. Ile shule ya Marekani inayofundisha wanadiplomasia wao inakiweka Kifaransa kwenye kundi jepesi kabisa kwa mtu anayejua Kiingereza, na hata hivyo wanakadiria zaidi ya saa 600 za darasani. Piga hesabu ya vipindi vyako uone.

Waambie ukweli siku ya kwanza. Mwisho wa muhula huu hutaongea Kifaransa, ila utaweza kusoma jedwali, kuuliza maswali matano ya kazi, na kuandika barua pepe fupi inayoeleweka. Lengo dogo ambalo mtu analiona limetimia linamrudisha muhula unaofuata. Mimi ningeambiwa hivyo ningebaki.

Zamu ya Usiku:

Muuguzi hapa. Kwetu sisi lugha sio pambo, ni usalama wa mgonjwa. Ujerumani kwa kawaida muuguzi wa kutoka nje anadaiwa kiwango cha B2 (cha nne kati ya sita vya Ulaya vya kupimia lugha) kabla ya kusajiliwa, na marubani wa safari za kimataifa nao wanapimwa lugha kwa ngazi 6 za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wanatakiwa wafike walau ya 4. Fani zenyewe zinaitambua lugha kama sehemu ya kazi, wanafunzi wasikie hilo.

Darasani waigizie mgonjwa. Panauma wapi, tangu lini, kwa kipimo cha 0 mpaka 10 ni ngapi, una mzio wa dawa yoyote? Anayeigiza mgonjwa apewe kadi yenye majibu asiyotakiwa kuyatoa mpaka aulizwe, na muuguzi akisahau kuuliza mzio kikundi kizima kinaona. Mimi niliyakamata maswali hayo kwa namna hiyo na sijayasahau, tena nilikuwa muoga wa kuongea kuliko wote.

Na wasipewe homuweki ndefu, wamechoka kweli. Dakika kumi kila siku za kurudia maneno ya jana na ya wiki iliyopita zinatosha, tangu mtafiti wa kumbukumbu Ebbinghaus mwaka 1885 inajulikana tunasahau haraka mno mwanzoni tusiporudia, ndio maana yale madesa ya usiku mmoja yanayeyuka.

Mwalimu wa Pindi la Mchana:

Aisee nashukuru sana, sikutegemea. Kibati na koma naanza navyo wiki ijayo. Bado nina mawili yananikwaza. Moja, mimi sijui uhandisi wala uhasibu, wakiniuliza istilahi nitafanyaje? Pili, testi ya mwisho inatungwa na idara, ya kuchagua A mpaka D, sasa wakiona tunachofanya darasani hakimo kwenye testi si watarudi kwenye madesa?

Chaki Mkongwe:

La kwanza lisikutie hofu, mwachie mwanafunzi awe bingwa wa fani na wewe uwe bingwa wa lugha. Akuletee yeye karatasi anayoifanyia kazi wiki hiyo, akueleze ni nini, wewe umpe namna ya kuisema. Pale mnapokwama wote mnatafuta pamoja na neno linaingia kwenye orodha ya darasa, mwisho wa mwaka una kamusi ndogo ya kila fani ambayo mwaka ujao unaanza nayo. Na mfuate mhadhiri mmoja wa uhandisi, muombe karatasi mbili tatu fupi anazowapa, wengi wanakubali.

La pili, testi ya idara huna mamlaka nayo lakini maksi za koziweki (kazi za muhula) kwa kawaida ziko mikononi mwako. Toa sehemu yake uipeleke kwenye kazi ya dakika tatu, mwanafunzi na mwenzake, jedwali mezani, wewe unasikiliza na kujaza fomu: alieleweka? aliuliza alipokwama? namba zilikuwa sahihi? Fomu hiyo wape mapema waione. Dakika kumi za mwisho wa kipindi kimoja kwa wiki wape mazoezi ya A mpaka D ili wasihofu mtihani, muda uliobaki ni wa kuongea. Kisha wakati wa kikao cha idara nenda na hizo fomu zilizojazwa, uwaonyeshe wenzako wanafunzi wa uhasibu wamefika wapi, uombe maswali mawili ya kusoma jedwali yaingie kwenye testi ijayo.