Hedifoni za studio kwa kusikilizia nyumbani: DT 770, DT 990 au HD 600? Na DAC ni lazima?

Mjita_Nyakato (Jumatatu, saa 3:12 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatupa hela ziwani.

Niko Nyakato, Mwanza, vyumba viwili na sebule, sebuleni bati tupu bila dari. Mtoto ana miezi saba, mama yake akishamlaza basi hakuna redio, hakuna spika, hata kikombe kinawekwa mezani kwa adabu. Mzee wangu kaniachia sanduku la kaseti za dansi, nyingi alizirekodi mwenyewe enzi za Redio Tanzania. Nimezihamishia kwenye laptopu. Nataka kuzisikiliza usiku, pamoja na FLAC chache (faili za sauti zisizopunguzwa ubora) na nyimbo za mtandaoni.

Bajeti ni laki sita, kila kitu humo humo. Nimechuja nikabaki na hizi:

Beyerdynamic DT 770 Pro, zimezibwa nyuma. Nimeona zipo za omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 32, 80 na 250, sijui nichukue ipi. DT 990 Pro za omu 250, ziko wazi nyuma, watu wanasifu zinapumua. Sennheiser HD 600, omu 300, mtu anauza zilizotumika.

Halafu kuna DAC, hicho kigeuzi cha sauti. Muuzaji mmoja ananiambia bila kifaa cha laki tatu hizo hedifoni ni mapambo. Kaseti zangu kwa sasa zinasikika na mvumo na ukungu fulani, na nikisogeza mausi nasikia chrr chrr. Ni DAC hiyo inayokosekana?

Kivuko (saa 3:20 usiku)

Nyakato huhitaji hedifoni, unahitaji kuhama. Baa za hapo zinakupigia muziki bure hadi asubuhi 😂

SautiSafi (saa 3:41 usiku)

Mkuu, usisikilize wanaosema DAC ni anasa. Mimi nilitoka kwenye tundu la laptopu nikaenda kwenye DAC na amplifaya yake, tofauti ni mbingu na ardhi. Besi ilikaa, sauti ya mwimbaji ikasogea mbele. Chukua DT 990 na DAC nzuri. HD 600 besi yake ni ya kutafuta kwa tochi.

Nansio_usiku (saa 4:05 usiku)

Ninazo HD 600 mwaka wa nne huku Ukerewe. Kuhusu besi SautiSafi hajakosea sana, ile besi ya kutikisa kifua hutaipata. Lakini gitaa la solo na sauti ya mtu, hapo sijasikia nyingine ya bei hiyo inayonishinda. Zilitoka 1997 na mpaka leo zinatengenezwa. Kila kipande kinachomoka: waya, sponji, nyavu. Sponji zikichoka unabadilisha mwenyewe mezani.

Ila kaka, umesema bati bila dari. Mimi nina dari na mvua ikianza navua. Hedifoni za wazi hazizuii chochote, mvua ya ziwani ikitua juu ya bati unaisikia kana kwamba uko nje na ndoo kichwani. Na anayelala jirani yako naye anasikia unachosikia, sauti inatoka nje kama redio ndogo. Kwa mtoto wa miezi saba sikushauri HD 600 wala DT 990, hata kama mimi nazipenda.

fundi_redio_Igoma (saa 4:30 usiku)

Salaam. Tuanze na hesabu, maneno baadaye.

Ile adapta ndogo ya Apple ya USB-C, kipande cha waya kisichozidi kidole, ndani yake mna DAC na amplifaya. Toleo la Marekani linatoa volti 1, la Ulaya nusu volti. DT 990 Pro za omu 250 zinatoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 96 kwa miliwati 1. Volti 1 kwenye omu 250 ni miliwati 4, kwa hiyo unafika desibeli 102. Kwa toleo la Ulaya unabaki kwenye 96. Kumbuka hicho ndicho kilele cha wimbo, wastani wake uko chini sana ya hapo. Nyimbo za siku hizi zimekandamizwa, yaani sauti ndogo zimeinuliwa karibu na kilele, zitasikika kwa nguvu. Kaseti ya zamani iliyorekodiwa kwa sauti ndogo unaweza kutamani uongeze na usiwe na pa kuongeza.

DT 770 za omu 80 ukizipa volti 1 ile ile zinapata miliwati 12.5, yaani desibeli 107 hivi. Zinatosha na kubaki. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndiyo mwisho wa salama kwa mtu mzima, kwa hiyo mwenye kutaka kufika 107 aniletee masikio yake niyauze kama vipuri.

Angalizo: ukichomeka adapta hiyo kwenye simu nyingi za Android sauti inatoka ndogo mno hata ukimaliza kitufe. Kwenye laptopu haina shida.

SautiSafi, swali bila ubaya. Ulipolinganisha, ulisawazisha ukubwa wa sauti?

SautiSafi (saa 4:44 usiku)

Kwa masikio ndiyo. Nilipandisha hadi zikawa sawa.

fundi_redio_Igoma (saa 4:58 usiku)

Kwa masikio haitoshi. Kifaa kimoja kikizidi kingine kwa desibeli moja tu, husemi "hiki kina kelele zaidi". Unasema hiki kina besi na mwimbaji kasogea mbele. Maneno yako yale yale.

Nilifanya jaribio hili karakana kwangu. Adapta upande mmoja, upande wa pili DAC ya mteja iliyogharimu mara kumi na zaidi. Nikapiga toni ya 1 kHz, nikapima volti kwenye waya wa hedifoni kwa multimita hadi zikalingana. Kijana wangu akawa anabadilisha waya nyuma ya pazia, mimi naandika A au B. Mara ishirini. Nilipatia kumi na moja. Ningerusha shilingi ningepata hizo hizo. Mwenye DAC alikuja kuichukua, sikumwambia.

Sisemi DAC zote ni sawa. Tundu la laptopu linalolia chrr chrr mausi ikisogea ni bovu kweli, kelele za ndani ya mashine zinavujia kwenye sauti. Hilo kifaa chochote cha nje cha USB kinaliponya, hata hicho cha bei ya kilo mbili tatu za sangara. Inawezekana kabisa wewe ulitoka kwenye tundu la namna hiyo, na ulichosikia ni kweli.

SautiSafi (saa 5:06 usiku)

Laptopu yangu ya zamani ilikuwa inalia kama nyenje, hapo nakubali. Lakini mwimbaji kusogea mbele sijui, mzee. Nitajaribu na multimita.

Alto_Isamilo (Jumanne, saa 1:15 asubuhi)

Mwangaluka wote. Mimi narekodi kwaya yetu, natumia DT 770 Pro za omu 80 na Behringer UMC202HD, kile kifaa cha USB cha kurekodia na kusikilizia. Za kuziba ni lazima kwangu, maana zikivuja maiki inakamata mdundo. Kwa joto la hapa kitambaa chake chenye manyoya kinanyonya jasho lakini hakibanduki. Nilikuwa na nyingine za ngozi bandia, baada ya miezi kadhaa zilikuwa zinaniachia magamba meusi shavuni, nasimama mbele ya mchungaji kama nimetoka kuchoma mkaa.

Ubaya wake niseme: waya wa mita 3 na hauchomoki, ukikanyagwa unaenda kwa fundi. Na sauti za s na matoazi zinachoma kidogo. DT 990 zinachoma zaidi.

Kaka Mjita, naomba kuuliza. Kaseti umezihamishaje?

Mjita_Nyakato (saa 1:40 asubuhi)

Dada, nilichukua waya kutoka tundu la hedifoni la deki, nikachomeka tundu la maiki la laptopu. Nikabonyeza rekodi.

fundi_redio_Igoma (saa 2:02 asubuhi)

Ahaa. Ugonjwa uko hapo, na umekuja kutibiwa mguu mwingine.

Tundu la maiki linasubiri milivolti chache. Deki inalisukumia mamia. Sauti inakatika vichwa, halafu laptopu inaongeza mvumo wake juu. Hizo tayari zimo ndani ya faili. Ukinunua DAC ya milioni, itakutolea mvumo huo kwa uaminifu mkubwa.

Kuna vigeuzi viwili katika safari yako. Kimoja kinaingiza sauti ya kaseti kwenye tarakimu, kingine kinairudisha kuwa sauti. Watu wote wanabishania cha pili. Kwako wewe cha kwanza ndicho kilichoharibu.

Na usihangaike na kurekodi kwa 192 kHz, yaani sampuli 192,000 kwa sekunde. Biti 16 na 44.1 kHz, zile zile za CD ya 1982, zinabeba hadi karibu 22 kHz, juu ya sikio la binadamu, na upana wa desibeli 96 kati ya sauti ndogo na kubwa kabisa. Kaseti haisogelei hapo. Rekodi kwa biti 24 kama kifaa kinaruhusu, ili uache nafasi juu sauti isikatike, basi.

Alto_Isamilo (saa 2:20 asubuhi)

Ndiyo maana niliuliza. UMC202HD ina matundu mawili ya kuingizia, kushoto na kulia kwa deki. Ina biti 24, na ina tundu la hedifoni linalozitosha omu 80. Kifaa kimoja kinafanya kazi zote mbili. Nunua hicho, achana na DAC ya kusikilizia tu.

Nansio_usiku (saa 2:31 asubuhi)

Naunga mkono. Na FLAC uangalie bando, kaka. Wimbo wa dakika nne kwa ubora wa CD bila kubanwa ni kama MB 42, FLAC inaweza kuushusha hadi 25 hivi. MP3 ya kbps 320 ni chini ya 10. Mimi mwenyewe kwa 320 sitofautishi, na nina HD 600 kichwani.

fundi_redio_Igoma (saa 2:50 asubuhi)

Kabla ya kurudia kaseti: pamba na spiriti, safisha hedi ya deki (kile kichwa kinachosoma utepe) hadi pamba itoke nyeupe. Halafu kuna skrubu ndogo pembeni ya hedi yenye springi, hiyo ndiyo azimuthi, inainamisha hedi. Ukungu uliosema huenda ni huo. Cheza kaseti, weka mono, zungusha taratibu hadi matoazi yawe makali kuliko yote. Weka alama kwanza mahali ilipokuwa. Kila kaseti iliyorekodiwa kwenye deki tofauti ina pembe yake.

Na ukienda dukani nenda na multimita. Weka kwenye omu, waya mmoja wa mita kwenye ncha ya jeki, mwingine kwenye shina lake. Hedifoni ya omu 250 itasoma karibu na hapo, pungufu kidogo. Feki nyingi ndani zina spika za omu 32, boksi liandike liandikavyo.

Kivuko (saa 3:10 asubuhi)

Mzee anakwenda kupima omu dukani mjini, mwenye duka ataita polisi 😂😂

Mjita_Nyakato (siku 16 baadaye, Alhamisi, saa 4:22 usiku)

Wakuu, mrejesho.

Duka la kwanza, sitalitaja: boksi limeandikwa 250, multimita ikasoma 31. Kijana wa duka akasema "hiyo mita yako haijui studio". Nikatoka.

Nimepata DT 770 Pro za omu 80 zilizotumika kwa jamaa wa Capri Point, mita ilisoma 77. Sponji zimelala kidogo lakini ni nzima. UMC202HD nimeagiza Dar, ikaja na basi. Laki sita imepita kwa elfu arobaini, mama mtoto hajui na naomba ibaki hivyo.

DT 770 mvua hazizuii yote, nisidanganye. Ile ya Jumapili niliisikia, lakini niliendelea kusikiliza. Mtoto hakuamka.

Chrr chrr imekwisha. Hedi ya deki ilitoa uchafu wa kahawia, pamba sita. Nimerudia kaseti tatu. Mbili ni kama zimefunguliwa dirisha. Ya tatu ndiyo imenishangaza: kumbe mzee hakuirekodi kwa waya, aliweka maiki mbele ya redio. Katikati ya gitaa kuna jogoo anawika, na mlango unafungwa, na mtu anakohoa. Kwenye faili la zamani hayo yote yalikuwa ndani ya mvumo, nilidhani ni kaseti imechakaa. Nimesikiliza kikohozi kile mara nyingi kuliko wimbo.

Wabeja sana wote, hasa fundi na dada Alto.

fundi_redio_Igoma (saa 4:35 usiku)

Hiyo ya tatu, azimuthi umeigusa?

Mjita_Nyakato (saa 4:51 usiku)

Bado nilikuwa naogopa. Nimegusa sasa hivi, robo mzunguko. Jogoo kasogea.