Pepa ya utafiti ikisambaa sana mtandaoni ndio imekuwa ya maana? Karibuni tubishane

Mtoa mada:
Wakuu habari za jioni. Kuna haka kamchezo ka kusema pepa fulani imefunguliwa mara laki kadhaa na watu wanaishea kila kona, kwa hiyo na mhadhiri aliyeiandika ahesabiwe hilo kwenye kupanda cheo. Mimi napinga kabisaa. Mnaikumbuka ile ya saikolojia ya kukaa kibabe, unajitanua dakika 2 homoni zinabadilika unakuwa jasiri? Ilitoka 2010 kwenye jarida la Psychological Science, waliopimwa ni watu 42, yaani hawajazi hata basi moja. Amy Cuddy, mmoja wa walioiandika, akaipandisha jukwaa la hotuba la TED 2012, ikatazamwa na mamilioni, watu wakaanza kujitanua chooni kabla ya intavyuu 😂 Mwaka 2015 Ranehill na wenzake wakairudia na watu 200, homoni hazikutikisika, kilichobaki ni mtu kusema tu anajihisi ana nguvu. Na 2016 Dana Carney, ambaye jina lake ndio la kwanza kwenye ile pepa, akaandika mwenyewe kwamba haamini tena. Sasa hiyo ya 2015 humu kaishea nani?

Mchangiaji 1:
Umechagua mfano unaokufaa mkuu. Ile pepa ya mtafiti Ioannidis ya 2005 kwenye jarida la PLoS Medicine, inayosema matokeo mengi yanayochapishwa si ya kweli, ni takwimu tupu haina stori tamu yoyote na imefunguliwa zaidi ya mara milioni 3. Kwa nini? Ni ya bure. Mi nasoma chuo cha mkoani, nikikutana na jarida linalotaka dola 30 na ushee kwa pepa moja nafunga nalala.

Mchangiaji 2:
Mnachanganya kusoma na kushea jamani. Kuna watafiti 2016 walifuatilia linki za Twitter wakakuta 59% hazikubofywa hata mara moja. Mtu kaona kichwa cha habari, kakipenda, katuma kwenye grupu la familia.

Mchangiaji 3:
Na nyie mnaotaka turudi kwenye nukuu za kitaaluma, yaani pepa imetajwa mara ngapi kwenye pepa nyingine, msijidanganye, watafiti Serra-Garcia na Gneezy 2021 walionyesha pepa ambazo utafiti ukirudiwa matokeo yanagoma kutoka ndio zinanukuliwa zaidi kuliko zile ambazo yanatoka, na hao wanaonukuu ni maprofesa sio shangazi zetu wa WhatsApp.

Mtoa mada:
Mchangiaji 3 umenishika pabaya, hiyo sikuwa nayo. Haya narudi nyuma hatua moja: waliofungua wahesabiwe maana angalau wamegusa, walioshea hapana, na mtu akiweka namba hiyo kwenye maombi ya cheo aweke na sampuli ilikuwa ya watu wangapi na imerudiwa na nani.

Mchangiaji 1:
Sawa, sasa sisi tuliodaunlodi PDF ikakaa kwenye simu tangu mwaka juzi mnatuweka kundi gani?